Deni la digrii analihesabu kwa chupa za migomba

Saa mbili asubuhi, mbele ya mlango wa kioo, anavua viatu, anavua pete, halafu anatoa simu mfukoni. Anaitazama kidogo. Anaiweka ndani ya kopo la plastiki kando ya viatu, anafunika, anaingia. Kabla hajafika kwenye kiti chake ameshageuka kulitazama lile kopo.

Ndani ni chumba cheupe kinachonuka spiriti. Humu miche ya migomba haizaliwi udongoni, inazaliwa kwenye chupa. Anapitisha kibano kwenye moto, anakata kichipukizi kidogo kama punje ya hindi, anakiweka kwenye chupa yenye uji mzito wa virutubisho, anafunika. Kazi haitaki maneno, maana pumzi ya mtu ina vijidudu. Mwandishi, ambaye riziki yake ni kuuliza maswali, ameambiwa afunge mdomo, naye ameufunga.

Binti huyu mwenye kibano, wenzake wanamwita Msomi. Ana miaka ishirini na saba na digrii ya biolojia. Wanne wengine humu waliishia sekondari, na wote wanalipwa sawa: kwa chupa, tena chupa ambayo baada ya wiki mbili bado ni safi. Ikiota ukungu, imekula kwako.

"Hawanisimangi, wananitania tu," anasema wakati wa chai, nje, simu ikiwa imesharudi mkononi. "Chupa ikiharibika wanasema, 'Msomi, hebu tuambie jina lake la Kilatini.' Na mimi nalijua! Hicho ndicho kinachoniuma."

Mama yake anawaambia majirani kwamba binti yuko maabara. Basi akienda nyumbani hapumziki: huyu mgongo, yule kifua, wote wanataka dawa. "Nikisema mimi ni wa migomba, wanadhani naringa."

Masomo yake yalilipiwa kwa mkopo. Ukimuuliza anadaiwa kiasi gani, hataji fedha.

"Nikitaja hela nitapata presha. Mimi nahesabu kwa chupa. Ni chupa elfu thelathini na moja."

Mwezi mzuri anapata chupa elfu moja na mia saba. Yaani asile, asilipe kodi, asiugue, kwa mwaka mmoja na nusu. Wakati huohuo deni linaongezeka riba, na yeye, aliyefundishwa jinsi bakteria wanavyogawanyika, hapendi kulifikiria hilo usiku.

Ila deni lina mtu mwingine. Mjomba wake, fundi cherehani, ndiye aliyeweka saini ya udhamini. Kwa kuwa Msomi ni kibarua, jina lake haliko kwenye orodha yoyote ya mishahara. Wakopeshaji hawamwoni. Wanamwona mjomba.

Mwezi uliopita mjomba alipiga simu saa za kazi. Msomi alikuwa ameingia nayo ndani, mfukoni mwa aproni, jambo lisiloruhusiwa.

"Nilijua wameichukua cherehani," anasimulia. "Nikapokea na glavu zangu. Kumbe walikuwa wamempigia tu, wamemtisha. Nikarudi kukata harakaharaka. Sikupaka spiriti mikononi. Miaka mitatu nimefundishwa usafi wa maabara, nikasahau kupaka spiriti!"

Siku ya nne, nyuzi nyeupe zikaanza kuonekana. Chupa sitini na mbili zikatupwa. Tangu hapo simu inalala koponi, na yeye halali vizuri.

Sasa meneja anataka kumwajiri rasmi, na leo ndiyo siku ya kutoa jibu. Mshahara ni sawa na chupa elfu moja na mia tano, ukungu uwepo usiwepo. Lakini akishaajiriwa ataonekana. Kila mwezi zitakatwa chupa mia mbili na ishirini na tano, na hata wasiongeze riba, atamaliza akiwa na miaka thelathini na minane.

"Nikikataa, nabaki na hela yangu. Nikikubali, nakuwa mtu mzima mwenye hati ya mshahara na mfuko mtupu," anasema, anacheka, kisha anaacha kucheka. "Naogopa. Niseme nini zaidi? Naogopa."

Anachokitamani ni kusimamia chumba cha kupika uji wa virutubisho, ambako digrii inahitajika kweli na malipo ni karibu maradufu. Nafasi hiyo hupewa walioajiriwa tu. Kinachomsumbua zaidi, hata hivyo, ni habari aliyopewa na mama yake: mjomba ameacha kupokea namba asizozijua. Shule moja ilimtafuta siku mbili ishone sare kwake, ikachoka, ikaenda kwa fundi mwingine.

Saa saba mchana anaingia kwa meneja. Anatoka mapema kuliko alivyotarajiwa, anafunua kopo, anapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa za kazi? Kuna nini?"

"Nimekubali. Wataanza kunikata mimi mwisho wa mwezi."

Mlio wa cherehani unakoma.

"Watakuachia ya kula?"

"Itabaki kidogo."

"Na hizi namba ngeni zinazopiga?"

"Pokea, mjomba. Huenda ni mteja."