Chungu Hakilali Njaa

Supu ile ya majani ilitugharimu kuku watatu, mbuzi jike mmoja, na bibi yangu. Nimehesabu mara mbili, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Hata leo pale sokoni Murongo wachuuzi wakiniona nakuja hupandisha bei mapema, ili wapate mahali pa kushukia. Hesabu inatoka ileile.

Harufu ya karanga zinazokaangwa ndiyo inayonirudisha huko. Wenzangu humeza mate. Mimi huvuka upande wa pili wa barabara. Nilipokuwa mtoto kule Kimuli, enzi za Mwingereza, karanga zilikuwa zikinigusa mdomo tu nageuka kituko: macho yanajifumba, uso unavimba kama boga, kifua kinapiga filimbi. Na nyumbani kwetu ndizi zisizo na mchuzi wa karanga zilionekana chakula cha msibani.

Basi mama akanitungia supu yangu mwenyewe. Alichuma mchicha, ambao sisi huuita dodo, majani machanga ya maboga na nyanya chungu mbili tatu, akavichemsha kwa chumvi katika chungu cha mboga alfajiri, kabla ya kwenda shamba la kahawa. Ilikuwa supu nyepesi, ya kijani, yenye harufu ya moshi na udongo uliolowa. Niliipenda. Tatizo ni kwamba yenyewe haikunipenda kila siku. Siku nyingine niliimaliza salama nikalamba bakuli; siku nyingine midomo ilianza kuwasha kabla sijafika katikati.

Tuliishi na bibi, mama yake baba, mwanamke wa taratibu zake. Jioni, mama akishaosha chungu cha mboga, bibi alichovya kidole katika mchuzi wa karanga uliosalia, akakipaka ndani ya chungu. "Chungu hakilali njaa," alisema. "Kikilala njaa, na nyumba italala." Kama mchuzi haukusalia, alikipigapiga chungu mgongoni kama mtu anayeomba radhi. Sote tulimwona. Hata mama yake, walisema, alifanya vivyo hivyo.

Mama akaanza kupunguza. Akatoa nyanya chungu, nikavimba. Akatoa dodo, nikavimba. Mwisho bakulini yalibaki maji, chumvi na jani moja la boga linaloelea kama limepotea njia, na bado nikavimba.

"Mtoto gani huyu, hata maji yanamgombeza," alisema bibi, akanipakata na kunipepea kwa jani la mgomba mpaka pumzi iliporudi. Mama alisimama tu, mikono ikining'inia. Sijaona tena mikono mitupu kiasi kile.

Mganga aliyeletwa kutoka Bweranyange alichukua kuku, akachukua mbuzi, akanusa bakuli langu, akasema humu ndani mna jicho linaloitazama supu hii. Hakumtaja mtu. Katika nyumba yenye mama mkwe, jicho halitafutwi mbali.

Bibi alimaliza kumenya ndizi zake kwanza. Kisha akamwambia baba, "Mwanangu, niache niende kwa kaka yangu Murongo. Mtoto akiendelea kuvimba, mtanirudisha."

"Na akipona, mama?"

"Akipona, amepona."

Baba angeweza kumkatalia. Akaenda kumfungia mzigo.

Nikapona. Dodo ikarudi kwenye supu, nyanya chungu zikarudi, nami nikanenepa, na kila shavu langu lilivyojaa likawa ushahidi dhidi yake. Majirani walinifinya mashavu wakaambiana, "Umeona?" Yeye huko Murongo aliwauliza wapita njia waliotoka kwetu, "Anakula?" Wakimwambia anakula, alisema, "Basi." Akafia huko, akazikwa kwenye migomba ya kaka yake, ilhali nafasi yake iliachwa kando ya babu. Iko wazi mpaka leo.

Mwaka jana niliachiwa mjukuu mwenye midomo isiyopatana na karanga, kama yangu. Nikampikia supu ileile. Jioni wifi yangu, aliyekuja kutusalimia na zawadi ya karanga za kusaga, aliona chungu nimekiosha kimetakata. Akachovya kidole.

"Wifi, chungu hakilali njaa," akasema, kwa upendo kabisa.

Nilimshika mkono. Kisha nikakaa chini kwenye jamvi, nikalia. Sote tulikuwa tukimwona bibi. Mama alitoa jani baada ya jani, na hakuna aliyefikiria kidole kile, maana kwetu hakikuwa chakula; kilikuwa adabu. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili sikukihesabu hata mara moja.

Baba na mama wametangulia. Mganga pia, na mbuzi wetu. Nimebaki mimi. Basi ninyi mnaojua thamani ya vitu, nishaurini: niihamishe mifupa yake ilale kando ya babu, au nimwache pale tulipomzoeza kuachwa? Na kama kuna cha kumlipa, nitajieni. Safari hii sibishanii bei.