Ubao wa Bibi Torunn Niliousugua Thamesmead

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nakaa Kihonda, Morogoro, na majirani wanajua kuwa hata Dar naenda kwa msiba au harusi tu, na harusi yenyewe iwe ya ndugu wa damu. Kwa hiyo Neema, binti yangu wa pekee, aliponipigia simu kutoka London na kusema, "Mama, mtoto wa pili amekuja, nani atanikanda?" nilimjibu kwamba hata huko wapo manesi.

"Mama, mimi ndiye nesi," akasema. "Huku tunatoa paracetamol. Hatukandi mtu."

Mzazi asipokandwa kwa maji ya moto, akija kulia mgongo akiwa na miaka hamsini, atakayelaumiwa ni mama yake, si Mfalme wa Uingereza. Nikaenda kuomba viza.

Siku ya kuondoka, Baba Neema alinisindikiza na maneno yake. "Mama Neema, ukifika kaa utulie. Usiwafulie mtaa mzima." Nikamwambia aangalie kuku. Miaka thelathini na nne ya ndoa, hicho ndicho kilichokuwa kilio chetu cha kuagana.

Za angani sina nyingi. Nilipanda ndege mbili, na zote mbili niliukumbatia mkoba wangu kama mtoto mgonjwa. Yule dada wa ndege aliniuliza mara tatu kama nataka kuuweka juu. Nilimwambia hapana, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa kaka... samahani, dada mkuu wa shule ya sekondari. Ndipo akaniacha.

Thamesmead ndipo anapokaa Neema, ghorofa ya nne, kusini-mashariki ya London. Dirishani unaona ziwa dogo lenye bata, maghorofa ya zege, na mbingu ya rangi ya maji ya kuoshea mchele. Nilifika mwezi wa tatu. Mkwe wangu alisema baridi imeshaisha. Nikaongeza sweta la pili.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kazi. Asubuhi na jioni nilichemsha maji, nikamlaza Neema, nikamkanda kwa taulo mpaka akalia na kucheka kwa pamoja. Mjukuu wangu mkubwa, wa miaka sita, alisimama mlangoni akiuliza kwa Kiingereza kama hayo ni halali kisheria.

Siku ya tano, mlango uligongwa.

"Hodi!"

Hodi ile ilikuwa ya kwetu kabisa. Nikafungua nikiwa na beseni mkononi. Alikuwa bibi wa Kizungu, mrefu kama mlingoti, nywele nyeupe fupi, macho ya buluu, miguuni soksi za sufu.

"Nimesikia kilio cha mtu anayekandwa," akasema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Mbulu. "Nikasema, leo kuna mama mtu humu."

"Shikamoo," ndilo neno pekee nililoliona karibu.

"Marahaba. Magoti yangu nayo yamezaa juzi. Je, unapokea wagonjwa wa nje?"

Huyo ndiye Bibi Torunn, jirani wa mlango wa pili. Ni Mnorwei. Alifanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa katika hospitali ya misheni upande wa Mbulu, kwetu Tanzania, kwa miaka kumi na saba, akaolewa na daktari Mwingereza, wakahamia London, daktari akafariki. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa mkimbiaji wa theluji. Kwao wanafunga mbao mbili nyembamba miguuni, wanashika fimbo mbili, wanakimbia porini kilomita tano, kumi, thelathini, kupanda na kushuka. Nilimwuliza nani alikuwa anawafukuza. Alicheka mpaka taulo nililomwekea magotini likaanguka.

Kuanzia hapo, kila alasiri nilivuka korido kwenda kumkanda, naye akanilipa kwa hadithi. Goti la kushoto lilinipa utoto wake: kwenda shule kwa mbao alizochonga baba yake, kilomita nne asubuhi kukiwa bado giza, uji wa shayiri ukicheza tumboni. Goti la kulia likanipa ujana: kiangazi, theluji ikiwa haipo, wanafunga mbao fupi zenye magurudumu na kukimbia barabara ya lami, madereva wakiwapigia honi. Akiwa na miaka kumi na tisa akaitwa timu ya taifa. Mama yake alimfumia kofia nyekundu ili amtambue kwenye televisheni isiyokuwa na rangi.

"Sasa angekutambuaje?"

"Ndivyo baba alivyomwuliza. Akasema, 'Mimi najua kuwa ni nyekundu.'"

Akageuka akatazama dirishani kama mtu anayemtafuta mtu kwenye kituo cha basi. Nami nikakumbuka uwanja wa shule yetu, vumbi, mita mia nane, mama yangu akinishangilia huku amefunga kanga kiunoni. Tulikaa hivyo, wazee wawili, kila mmoja akiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Jumanne ya wiki ya tatu nilikuta barua mezani kwake. Ilitoka kwa Berit, mwenzake wa mbio za kupokezana. Berit angepita London, na Jumamosi saa sita angekuwa Woolwich, mtaa wa jirani, kwenye mkahawa karibu na kivuko. Alitaka waonane. Ilikuwa zaidi ya miaka arobaini hawajasemeshana.

"Utaenda?" nikamwuliza.

"Sijui. Nikikosa safari hii hakutakuwa na nyingine. Moyo wake ni mbovu, ameandika hapo."

Ndipo akanieleza. Chini ya ubao wa theluji hupakwa nta, na kila theluji ina nta yake. Ya baridi kali ni ngumu. Theluji ikianza kuyeyuka unaweka inayonata kama gundi. Ukikosea, ama unateleza kurudi nyuma, ama theluji inaganda miguuni kama umevaa viatu vya matope. Siku ya fainali walikuwa wanawake wanne, wakiongoza. Torunn alikimbia zamu ya tatu, Berit alimsubiri apokee zamu ya nne, na hizo zilikuwa mbio za mwisho katika maisha ya Berit. Theluji ikaganda miguuni mwa Torunn. Alianguka mara mbili. Alimgusa Berit bega kumpa zamu wakiwa wa sita. Mwaka uliofuata akaacha mbio, akaomba kazi mahali ambapo theluji haijawahi kufika.

Sasa nisikilizeni kosa langu, na msinicheke kabla sijamaliza.

Ndani kwa Bibi Torunn, kwenye ukuta wa korido, ziliegemea mbao mbili za zamani, na chini yake kulikuwa na uchafu mweusi unaonata, umeshika vumbi na manyoya ya paka. Jumatano alikwenda hospitali kupima macho, akaniachia ufunguo. Nyie mnajua mimi siwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu mikono mitupu. Kwetu mgeni asiyeshika ufagio anasemwa hadi kaburini. Nikachukua maji ya moto, sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Nilisugua saa nzima. Nikamalizia na mafuta ya nazi kidogo ili zing'ae. Nilijisifu peke yangu.

Aliporudi, alisimama mlangoni na koti lake.

"Mama Neema. Umefanya nini?"

"Nimekusafishia! Zilikuwa zinanuka lami."

Alikaa chini sakafuni, taratibu, na magoti yale. Akapitisha kidole kwenye ubao, mwanzo hadi mwisho. "Ile ilikuwa nta ya siku ile," akasema. "Sikuwahi kuigusa." Kisha akaniomba niondoke, kwa heshima zote.

Neema aliposikia alijishika kichwa. "Mama, please! Ile ni kama umefuta kumbukumbu ya marehemu."

"Ningejuaje? Kumbukumbu gani inakaa chini ya kiatu?"

Alhamisi mlango wake haukufunguliwa. Ijumaa nilimpelekea maandazi, nikayakuta jioni palepale kwenye zulia la mlangoni, bata wa London wangeyafurahia. Nilitaka kurudi Morogoro usiku uleule, hata kwa miguu.

Jumamosi asubuhi, hodi.

Alikuwa amevaa koti zuri na amepaka rangi ya mdomo. "Vaa viatu," akasema. "Twende Woolwich."

"Umenisamehe?"

"Bado. Lakini sikiliza. Nilikuwa nimepanga, siku nikikutana na Berit, nimwonyeshe mbao zile. Aone kuwa nimeishi na kosa langu ukutani. Sasa umenifutia ushahidi. Itabidi niseme kwa mdomo, na kwenda peke yangu naogopa."

Tukapanda basi, ghorofa ya juu, mbele kabisa. Woolwich ilikuwa imejaa: wauza samaki, ndizi za kupika, vitambaa, mhubiri mwenye kipaza sauti. Bibi Torunn hakuona kitu. Alikuwa anahesabu pumzi kama mtu anayengoja zamu.

Mkahawani, Berit alikuwa ameshakaa. Mfupi, mnene kiasi, koti la njano. Hakusimama. Torunn akanitambulisha, tukakaa, wakaongea Kinorwei. Neno sikulielewa hata moja, lakini ugomvi wa wanawake hauhitaji mkalimani. Torunn alisema maneno machache, akiitazama meza. Berit akauliza kitu. Torunn akajibu kwa neno moja. Kikombe changu kikagonga sahani, nikatamani kukimeza.

Kisha Berit akaanza kulia, huku akipiga meza.

"Amesema nini?" nikanong'ona.

Torunn alijifuta pua. "Aliniuliza kwa nini nilipaka ile nta. Nikamwambia: kiburi. Mzee aliyetuchagulia nta aliniambia nipake moja, mimi nikachukua nyingine. Siku ile mbele ya waandishi nilisema ni hali ya hewa. Amesema alijua tangu siku ileile. Alikasirika miaka ishirini, halafu akachoka. Lakini kila alipouliza alijibiwa hali ya hewa, hali ya hewa. Alikuwa anataka mtu mmoja tu amwambie ukweli."

Baadaye walitembea kando ya mto. Upepo wa Thames siku ile ulikuwa na meno. Nikaona Berit ametangulia na Torunn amemfuata karibu kabisa, nyuma ya mgongo wake. Hatua kadhaa, wanabadilishana nafasi bila kusemeshana. Mimi nilikuwa nyuma, nahema, mtandio umenifunga uso. Berit akageuka akapaza sauti.

"Anasema ukae nyuma yetu," akatafsiri Torunn. "Upepo hautakupata."

Siku arobaini zilipoisha, Neema alinisindikiza uwanja wa ndege. Tulikuwa kwenye foleni ya mizigo, yeye ameshika begi langu, nami nikaona nikingoja zaidi nitaanza kuzungumzia kuku.

"Neema. Mtoto wako wa kwanza, hukukandwa na mtu. Nilikwambia ni viza."

"Ndiyo, Mama."

"Haikuwa viza. Sikuomba hata fomu. Niliogopa ndege, nikaona aibu kusema."

Foleni ikasogea. Hatukusogea.

"Nilijua, Mama," akasema. "Baba hawezi kudanganya kwenye simu."

"Mbona hukuniuliza miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nimerudi Kihonda sasa. Majirani wananiuliza niliona nini London, wakitegemea daraja na saa kubwa. Hivyo sikuviona. Nawaambia kuna bibi mmoja kule aliyekimbia theluji hadi Mbulu, kumbe alichokuwa anakikimbia ni neno moja. Wengine wanacheka. Wengine wanaondoka mapema, na mmoja wao jana nilimwona akigonga kwa dada yake.