Maharage ya Mama Mkwe

Mvua ilipoyakuta maharage shambani siku za kuvuna, mama mkwe wa Chapakazi alikosa hata hamu ya kula. Sitii chumvi. Mwanamke aliyesifiwa kwa maharage tangu usichana wake, leo mnunuzi anatia mkono guniani, anaona yamechipua na kubadilika rangi, anaondoka bila kuaga. Mama mkwe akasema yamwagwe shimoni, na yeye kulima basi tena.

Chapakazi, jina alilopewa na majirani na ambalo hakuwahi kulikana, alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, na walikuwa ndio kwanza wanakua. Akayaomba maharage yale. Mumewe, mjuaji wa kila kitu, aliona kazi ni ndogo, maana nguruwe hachagui. Akawamwagia ndoo nzima, mabichi. Kesho yake banda halikaliki kwa kuhara, na nguruwe wamesusa chakula.

Mama mkwe alipopata habari alijifunika uso. "Hata nguruwe wameyakataa," alisema.

Neno hilo lilimchoma Chapakazi kuliko harufu ya banda. Alimweka mumewe kando kwa upole ambao haukuwa upole sana, akaketi na ungo. Yenye kuvu akayafukia, hayo hayana msamaha. Yaliyobaki akayachemsha mpaka yakapondeka kwa vidole, kwani haragwe bichi humvuruga nguruwe tumbo kama linavyomvuruga mtu. Akayaanika, akayatwanga, akachanganya na pumba za mahindi, maharage kidogo, pumba nyingi. Majirani walimtania kwamba nguruwe wanapikiwa vizuri kuliko mume. Alicheka nao. Mume hakucheka.

Taratibu kuhara kukakoma, nguruwe wakarudia kula, kisha wakanenepa kwelikweli.

Mchinjaji alipokuja kuwaona, aliwapapasa migongo, akauliza mbele ya majirani wamelishwa nini. Kabla Chapakazi hajajibu, sauti ilitoka nyuma yake. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukanyaga bandani, alikuwa amesimama mlangoni.

"Maharage yangu," alisema. "Mimi nimelima, huyu mwanangu amepika. Msimu ujao njoo tena, maana nitapanda zaidi."

Miaka yote alikuwa akimwita Chapakazi "mke wa mwanangu". Chapakazi alisimama wima, mikono imejaa pumba, akawatazama majirani mmoja mmoja kuhakikisha kwamba wamesikia.