Maneno Matano ya Jumamosi

Tangu mwezi wa tatu Fridah alikuwa amechoka. Si uchovu wa miguu, ingawa kazi ya kukanyaga cherehani kutwa nzima kwenye baraza la duka mjini Kitale, akishona sare za shule, ingetosha kumchosha yeyote. Ulikuwa ule uchovu wa kuamka asubuhi na kukumbuka upya kwamba Viola hayupo. Viola, mdogo wake wa pekee, mwalimu wa chekechea aliyekuwa ameolewa Myanga, alilalamikia kichwa siku ya Jumatatu, na Alhamisi presha ikamchukua. Watu wa kanisa walisema kazi ya Mungu haina makosa. Fridah aliitikia amina, maana aliamini hivyo, lakini amina ile aliisema kwa sauti ya chini.

Mwezi wa tano mama yake alimpigia simu kutoka Bokoli.

"Fridah, gazeti langu liko wapi?"

"Gazeti gani, Mayi?"

"La Jumamosi. Viola alikuwa ananiletea. Ama mlimzika na masomo yangu?"

Mama Nakhungu alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwahi kukalia dawati. Fridah alijua juujuu kwamba kwa miaka miwili Viola alikuwa akienda Bokoli kila Jumamosi kumfundisha kusoma Kiswahili. Hakuwahi kuuliza wanasoma nini. Alipofika nyumbani juma lililofuata, mama alitoa daftari kutoka chini ya mto wa kitanda. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa gundi, na chini yake maneno matano kwa ule mwandiko wa Viola wa kimwalimu, herufi za duara kama maandazi.

Fridah akaanza kusoma. Mwimbaji fulani ameachana na mchumba. Mwigizaji fulani amenunua gari, majirani wanasema ni la kukopa. Tetesi. Kukanusha. Mashabiki. Jukwaa. Kukiri.

"Mayi, haya ni mambo ya wasanii!"

"Ndiyo. Huyo wa gari alikuwa anadanganya. Tulimfuatilia mwezi mzima."

Fridah alifunga daftari. Moyoni alisema, Viola, Mungu akulaze pema, lakini hivi ndivyo ulivyomlisha mama mzee aliyeokoka kabla hatujazaliwa? Akatoa Biblia kwenye mkoba, akafungua zaburi, akamwekea mama mapajani.

Mama Nakhungu akaanza kusoma. Alisoma bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka vizuri, hata Fridah akahisi machozi. Kisha akatazama kidole cha mama. Mdomo ulikuwa umefika mwisho wa zaburi. Kidole kilikuwa bado kimelala mstari wa pili.

"Mayi, unasoma ama unaimba?"

"Si zote ni sifa kwa Mungu?"

"Niambie hapa kwenye kidole pameandikwa nini."

Mama alipatazama, akaondoa kidole. "Hayo nayajua tangu nikiwa msichana," alisema. "Nikiyaona tu, macho yanalala, mdomo unaendelea peke yake. Viola aliligundua hilo siku ya kwanza. Akasema, Mayi, tutafute habari ambayo hata wewe hujui itaishia wapi. Ndiyo akaleta hao wasanii wake."

Fridah alirudisha Biblia mkobani. Alikuwa ameketi karibu na mama kanisani miaka hamsini, na hakuwahi kukiona kidole kile.

"Na sasa unataka kusoma ili iweje, Mayi? Umri huu?"

Mama alikunja kanga yake polepole. "Siku ya mazishi, wasifu wa mtoto wangu ulisomwa na mtu wa upande wa bwana yake. Mtu mzuri, simlaumu. Alisema alizaliwa, akasoma, akaolewa. Hapo katikati ya kuzaliwa na kusoma aliruka kama anaruka mtaro. Mimi ndiye nilikuwa hapo katikati. Mwezi wa kumi na mbili kuna ibada ya kumbukumbu Myanga. Nataka kusimama nisome mwenyewe. Si kusema, kusoma. Ukisema, watu wanasema mama analia. Ukisoma, wanasikiliza."

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa jioni Fridah alipitia kwa Kipketer, muuza magazeti karibu na steji ya Kitale, akichagua gazeti la Kiswahili lenye kurasa nyingi za burudani. Alilikunja haraka na kulificha ndani ya kitambaa cha sare.

"Ati mama wa kanisa!" Kipketer alikuwa akimwambia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Wiki hii nani ameachwa?"

"Soma mwenyewe, si unayauza?"

"Mimi nauza tu, bana. Kusoma nawaachia waliookoka."

Wiki nyingine alitamani asiende. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na wiki nyingine alifika Bokoli mgongo ukiwa umekaza kama ubao. Mbaya zaidi, hakuwa mwalimu. Viola alizaliwa na subira. Fridah alizaliwa na mkasi. Mama akikwama kwenye neno, Fridah alilisema upesi ili waendelee, na mama alilisahau papo hapo.

"Viola alikuwa ananingoja," mama alimwambia siku moja.

"Mimi si Viola."

Neno lile lilimtoka kabla hajalipima. Mama hakukasirika. Aliinuka akaenda kuchochea moto, na Fridah alibaki na gazeti mapajani akijichukia.

Kanuni ya Viola ilikuwa kwamba kila neno jipya lazima litumike kwa mambo ya hapa nyumbani kabla jua halijatua. Hapo mama alikuwa hodari kuliko mtu yeyote. "Tetesi zinasema ng'ombe wa jirani yetu Wakhungu ndiye aliyekula mahindi yetu," angesema. "Wakhungu amekanusha. Lakini ng'ombe mwenyewe amekiri, mdomo umejaa majani." Fridah angecheka, kisha angenyamaza ghafla, kama mtu aliyeshikwa akiiba. Hakujua bado kama kucheka kunaruhusiwa.

Kazi ilikuwa kwenye kusoma sentensi nzima. Maneno mama aliyajua moja moja, lakini yakishikana alichoka njiani. Mwezi wa nane ulipita. Wa tisa ukapita. Fridah aliomba kila usiku, na katika maombi yake alianza kumtayarishia Mungu njia ya kumwambia mama kwamba haitawezekana.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Fridah alikuwa amechoka mno hata hakuisoma habari mwenyewe kwanza. Alisoma kichwa chake tu, bila kufikiri: "Msanii amkumbatia mama mkwe jukwaani."

Mama Nakhungu aliyekuwa akichambua maharagwe aliacha. "Amefanya nini?"

"Amemkumbatia mama mkwe wake."

"Wewe Fridah. Mama aliyemzalia mke?"

"Ndivyo wameandika."

Huku kwetu, mwanaume hampi mama mkwe wake hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Kwa miaka kumi na minane mama na Wangila, mumewe Viola, walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama miti.

"Unanidanganya ili nicheke," mama alisema. "Lete hapa." Akalinyakua gazeti, akalisogeza dirishani, na kidole kikaanza kutembea. "Mwimbaji huyo... alimwita mama mkwe... mbele ya mashabiki... akamkumbatia... huku wakicheza." Alimeza mate. "Wakicheza! Fridah, walicheza!" Akaendelea. "Mama huyo... alisema... haoni aibu... kwa sababu mkwe wake... ni kama mtoto... aliyemzaa." Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena kuhakikisha hakuna mahali wanapoomba msamaha.

Fridah hakumsaidia hata neno moja.

"Ulimwengu umeisha," mama alisema akirudisha gazeti. Kisha akamtazama binti yake. "Kwani wewe unalia nini? Huyo mama si wa kwetu."

Juma lililofuata Fridah alikalia stuli yake Kitale, daftari la Viola likiwa juu ya cherehani, akaandika wasifu. Aliamua asitumie neno ambalo mama hakuwahi kufundishwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona kola. Alipekua ukurasa baada ya ukurasa, na kila neno alilolitafuta alikuta Viola amelitangulia kuliandika. Viola hakuwa na umaarufu, aliandika. Mashabiki wake walikuwa watoto wa miaka minne. Alipokuwa mdogo alivunja chungu cha bibi yake, akakanusha siku mbili, kisha akakiri mwenyewe. Aliogopa radi. Aliimba akiteka maji. Kabla Fridah hajamaliza, mteja alikuja kuulizia sketi ya mtoto, akamkuta ameinamia daftari, akaondoka.

Siku ya ibada Myanga, hema lilijaa. Wangila alihamia viti vya nyuma ili mama mkwe aweze kusimama mbele kwa heshima. Mama Nakhungu alishika karatasi kwa mikono miwili na kuanza. Alisoma polepole, neno baada ya neno, na hakuruka chochote katikati ya kuzaliwa na kusoma. Kwenye chungu watu walicheka. Kwenye radi walinyamaza. Mchungaji aliyekuwa akiangalia saa aliacha kuiangalia.

Kisha akafika mstari wa mwisho, na hapo akasita.

Watu wakaanza kutazamana. Mchungaji aliinuka nusu, mkono umenyooshwa kuichukua karatasi, na Fridah akajikuta naye amefungua mdomo kumtamkia mama neno lililobaki, kama alivyozoea kufanya wiki zote. Aliufunga. Alijua kwamba lilikuwa neno rahisi, na kwamba mama alikuwa amelisoma mara nyingi kwenye habari za watu wengine.

"Keti, Mchungaji," mama alisema bila kuinua macho. "Naliona. Ningojeni."

Wakamngoja. Kuku mmoja alipita katikati ya viti, hakuna aliyemfukuza. Fridah aliweka mikono mapajani akangoja pamoja nao, bila haraka, hadi mama yake aliposhusha pumzi, akarudisha kidole kwenye karatasi, akalisoma: "Ametuacha."