Moshi wa Ndani ya Tenki

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na kwa ubishi hana mwenzake. Karakanani wanamwita Cheche. Kabla ya kugusa chuma kilichopakwa zinki, lazima anywe maziwa, eti yanaosha kifua. Mafundi wote pale wanaamini hivyo. Nilishamwambia: "Baba Watoto, maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Vinakutana wapi?" Ananicheka, anafuta midomo, huyo anaondoka.

Homa ya zinki, ile inayoletwa na moshi wake, tumeizoea, jamani. Jioni anatetemeka, meno yanagongana, asubuhi anaamka mzima, anadai chai. Kwa hiyo hakuna anayeiogopa.

Jana walikuwa na kazi ya kuziba tenki kuukuu la maji lililopakwa zinki, kubwa, mtu anaingia mzimamzima. Mvua ikanyesha. Wakalisukuma ndani, wakafunga mlango ili mashine isilowe, Cheche akaingia tenkini. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na ule haukuwa na pa kutokea.

Leo asubuhi hakudai chai. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono magotini, anavuta pumzi kwa shida, midomo imekuwa ya kijivu.

"Malaria hiyo," akasema. Mtu hana pumzi, lakini ubishi anao! Mimi na jirani tukambeba mzegamzega hadi hospitali.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akauliza kazi yake. Cheche akatikisa kichwa, kwamba kazi haihusiki. Nikaropoka yote: zinki, tenki, mlango uliofungwa. Daktari akaacha kuandika, akaita muuguzi, mume wangu akavalishwa barakoa ya oksijeni palepale.

"Moshi umemuumiza mapafu," akaniambia. "Mngechelewa kidogo tu, mngempoteza."

Cheche akaisogeza barakoa. "Tenki..."

"Tenki lipotelee mbali!"

"Mdogo wangu... ndiye anamalizia."

Nikampigia shemeji. Simu inaita, inaita, haipokelewi. Nikatoka mbio, viatu mkononi, matope hadi magotini. Mvua ilikuwa haijakatika, na mlango wa karakana ulikuwa umefungwa vilevile. Nikausukuma kwa bega. Moshi ukanipiga usoni. Ndani ya tenki mwanga wa bluu ulikuwa unamulika na kuzimika. Nikachomoa waya ukutani.

"Nani kazima?" Shemeji akatoa kichwa kwenye tundu la tenki. "Ah, shemeji! Umeniharibia mshono!"

"Toka humo!"

"Acha woga, maziwa nimeshakunywa."

"Na kaka yako hakunywa? Kalazwa, anapumulia oksijeni. Toka, nakuomba!"

Alinitazama, akatoka taratibu, akaegemea tenki. Akakohoa, akasema kifua kinambana tangu muda mfupi uliopita. Akajaribu kuvua glavu, ikamshinda, mikono yote inatetemeka.

Nikamshika kiuno, tukatoka mvuani kwenda kutafuta kitanda cha pili.