Mwenye Ugonjwa wa Dada Yangu

Asubuhi niliyoondoka Kinondoni sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira tu. Jana yake fundi wa pepo alimpiga dada yangu kwa fimbo za mkwaju mpaka mfupa wa bega ukavunjika, na shemeji ndiye aliyemshika miguu. Vidole vya dada vilikuwa vikikaza na kukunjana, mdomo ukivutwa upande, kisha anaanguka na kutetemeka. Fundi alisema pepo huyo ni mkaidi, na Ijumaa, yaani keshokutwa, angempiga tena.

Nilikwisha kumpeleka kwa daktari mmoja Mhindi. Niliacha shule darasa la tatu lakini maswali sikuyaacha, naye alinivumilia. Alinieleza kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vikishindwa kazi, chokaa, ile inayojenga mifupa, hupungua katika damu na misuli hukaza yenyewe. Alimgonga dada kwa kidole mbele ya sikio, pembe ya mdomo ikaruka. Nikamwuliza, wagonjwa wa namna hii wako wangapi mjini?

"Wachache sana," alisema. "Lakini mimi nawajua wanaofika hapa tu. Wanaozikwa kwa jina la pepo nitawahesabu vipi?"

Dawa ya unga tuliyopewa, shemeji aliimwaga chooni. "Ugonjwa gani wa mtu mmoja?" alinicheka. "Surua ikija inalaza mtaa mzima. Niletee mwingine mmoja tu mwenye huo wako, shemeji, nami nitamfukuza fundi."

Basi nikatoka kumtafuta huyo mwingine, kwa kugonga mashavu ya watu.

Ilala walinicheka. Keko nilimkuta hamali amesinzia juu ya gunia, nikamgonga mbele ya sikio. Mdomo uliruka. Nikafurahi kama mjinga.

"Kaka, una vitezi vibovu," nikamwambia.

"Nina nini?"

Nilipoanza kueleza alinipiga ngumi ya pua, kisha akanikanyaga mbavu. Mikono ile haikuwa na ugonjwa wowote. Hapo chini mavumbini ndipo nilipojifunza kwamba mdomo huweza kuruka hata kwa mtu mzima wa afya.

Temeke nikaacha kugonga, nikawa nauliza. Nilimwuliza mama mmoja muuza maandazi kama anamjua mtu ambaye vidole humkaza. Mumewe akasema namloga mkewe mchana kweupe. Mawe yakaanza. Moja lilining'oa jino, jingine likanipasua kisogo, nikakimbilia barabara ya Kilwa na sikusimama mpaka Mbagala, mahali nisipopajua.

Alasiri niliuliza pa kulala, nikaelekezwa kwa mjane mmoja aliyepangisha vyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakufanya hivyo?"

"Watu wa Temeke."

"Uliwaibia nini?"

"Niliwauliza habari za ugonjwa."

"Ungeiba," alisema, "wangekupiga kidogo."

Akanichotea maji. Aliponinyooshea kata, ilimponyoka. Vidole vyake vilikuwa vimekaza, ncha zimekutana, dole gumba limeingia kiganjani. Aliuficha mkono ndani ya kanga, lakini nilikwisha kuuona. Nikamweleza yote ya dada, na kumwomba kesho twende Kinondoni, shemeji amwone kwa macho yake.

Akanigeuzia mgongo na kushusha kanga kidogo. Kulikuwa na makovu ya fimbo, mengine yamepita juu ya mengine.

"Mafundi watatu," alisema. "Sasa unataka nikasimame mbele ya mwanamume mwenye fimbo, nimwonyeshe mikono? Atasema pepo wamekuwa wawili."

Njia nzima nilidhani nikimpata wa pili nimeshinda.

"Huku hakuna anayejua," akaendelea. "Na kama wapo wengine, wamejificha hivi hivi. Usinihesabu, mwanangu. Mlete yeye."

"Mumewe hatamtoa."

"Hatakupa ruhusa, najua. Sijasema ukamwombe."

Alinipeleka chumba cha uani. Kulikuwa na kitanda cha kamba na mlango mzito wa mninga. Nilimwambia nakichukua, cha watu wawili, na kwamba alfajiri narudi Kinondoni. Kisha nikalisukuma komeo la ndani, nikauvuta mlango kwa nguvu zote zilizobaki, kama shemeji atakavyouvuta. Haukutikisika.