Hodi ya Wifi Yangu

Kwetu juu, barabara ya Lushoto kwenda Mlola, kuna mahali maji yanatoka kwenye mwamba, kando kabisa ya barabara. Watu wamechomeka kipande cha bomba la plastiki, yanamwagika kutwa kucha. Fuso za kabichi zinasimama pale, dereva anashuka kujaza chupa. Sisi wa kijijini tunakuja na ndoo, maana ya kunywa ni hayo. Ya bomba la nyumbani tunafulia.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha juma lile lile nililoolewa. Ukifika unatua ndoo, unawapigia hodi wenye maji, wale wasioonekana, unasema umetoka nyumba gani, unasubiri kidogo, ndiyo unakinga. Shehe wetu anasema bismillahi inatosha. Mie nasema vyote viwili, sitaki ugomvi na mtu.

Ila nina ugonjwa mmoja. Nikisikia mtu anaongea, siku hiyo hiyo sauti yake ninayo. Shule sikwenda hata siku moja, labda ndiyo maana: wenzangu waliweka mambo kwenye daftari, mie nikayaweka kooni. Nawaweza wote. Shehe anavyovuta pua, dereva wa basi la Magoma anayeongea kama kila mtu yuko ng'ambo ya bonde, mwenyekiti anayeanza na "kwa hiyo basi" kabla hajasema lolote. Pale kwenye maji nilikuwa napiga hodi kwa sauti za watu, wanawake wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Wifi yangu ndiye hakucheka. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, naye alifiwa akarudi kwao, tunalala chumba kimoja.

"Wifi," alikuwa akiniambia, "utapiga hodi kwa sauti ya mtu, siku moja waje wamchukue mwenyewe."

Namjibu wakija waanze na yeye, nyumba ipumue. Si wifi yangu, nisimtanie nimtanie nani.

Sauti yake yeye ni nzito, inaburuta kama gunia, na mwishoni lazima aweke kikohozi kidogo, khu, kama mtu anayefunga mlango.

Msimu wa ukungu uliopita akapata mafua, nikaenda peke yangu. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka barabara huioni. Hapakuwa na mtu. Nikatua ndoo. Nikaona upweke bila wifi, basi nikapiga hodi kwa sauti yake, na kikohozi chake juu.

Maji yakakatika. Hayakupungua, yalikatika, kama mtu kaweka kiganja kwenye bomba. Nikasikia majani yanadondosha umande. Halafu ndani ya mwamba pakakohoa: khu. Nimezaliwa milimani, mwangwi naujua. Mwangwi haukai kwanza ukafikiri. Maji yakarudi. Nikakinga, nikaondoka, nyuma sikugeuka.

Nyumbani nikamkuta wifi kakaa kitandani, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Hata kikohozi. Kifua kinaruka, kimya.

Kijana wangu akakodi gari, tukampeleka hospitali Lushoto. Daktari akammulika kooni, akasema bibi koo lako zima, pumzisha sauti. Juma zima sauti ikapumzika, haikuamka.

Sasa wifi ana binti yake ameolewa kule chini, Mnazi, anapiga simu kila Ijumaa. Alikuwa na kichanga cha siku chache, hatukutaka ajue akapanda mlima nacho kwa hofu. Simu ikaita. Mkamwana wangu, mke wa huyo kijana, akanitazama, akasema mama, wewe si unamweza shangazi, mtulize bintiye. Nikaishika. Sauti ikatoka yenyewe, sikuitafuta, na khu yake mwishoni. Binti akafurahi, akasema mama leo umepona kabisa. Wifi yuko mbele yangu, kashika koo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Hapo nikajua sauti yake iko wapi.

Kesho yake nikarudi kwenye maji. Nikatua ndoo, nikataka kupiga hodi kwa sauti yangu. Ikatoka ya shehe. Nikameza mate, ikatoka ya dereva. Ikatoka ya mama mkwe, aliye kaburini miaka yote ile. Nimesimama pale, mtu mzima, naitafuta yangu siioni. Mwisho nikasema polepole, bila kuiremba:

"Hodi. Natoka nyumba ya chini ya msikiti. Nimechukua sauti ya wifi yangu. Mrudishieni yeye, chukueni nyingine."

Hapakukohoa mtu. Maji yanamwagika tu. Nikakinga.

Nyumbani nikampa kikombe. Akanywa chote, akapangusa mdomo. Akasema, "Nileteeni kingine."

Mkamwana akaitika kutoka jikoni, "Nakuja nacho, mama."

Wifi yangu, mkamwana anamwita shangazi. Anayemwita mama ni mie. Na mie sikuwa nimefungua mdomo.

Tukatazamana, mie na wifi. Ndiyo kwanza naisikia sauti yangu. Kumbe ni nyembamba, ina kucheka ndani hata ikiomba maji.

Siku hizi anaongea kutwa, ananitania kwa sauti yangu mwenyewe, na ni sauti ya kuudhi kweli. Mie nimebaki na ya kwake. Majirani wanadhani ni mchezo wangu wa siku zote, wanacheka. Kwenye maji tunakwenda wawili. Hodi anapiga yeye, mie nakaa kimya.

Ijumaa simu ikiita wifi anapokea, anauliza hali. Binti yake anamwamkia shikamoo, halafu anamwomba, kwa adabu tu, ampe mama. Wifi ananinyooshea simu. Naipokea, nakohoa khu, namwuliza mjukuu anaendeleaje.